War Memorial si hospitali ya wanajeshi wastaafu: basi mstaafu wa jeshi Magharibi anatibiwa wapi?

Mjini Nakuru kuna swali linaloulizwa tena na tena, hasa na watoto wa wanajeshi: "Mzee wetu alitumikia jeshi miaka mingi. Kwani War Memorial hawawezi kumtibu kwa nafuu?" Swali lina msingi. Jina la hospitali linataja vita na kumbukumbu ya vita, na mji wenyewe umezungukwa na kambi: Lanet kando kabisa ya mji, Gilgil mwendo mfupi ukielekea Nairobi. Mtu akidhani hospitali hiyo ilijengwa kwa ajili ya waliobeba bunduki, hajakosa akili.

Jibu fupi ni hapana. Nakuru War Memorial ni hospitali ya kulipia, na anayeingia pale anaonyesha bima au pesa kama mgonjwa mwingine yeyote. Jibu refu ndilo lenye uzito, kwa sababu linaeleza kwa nini kuanzia Gilgil hadi Busia hakuna hospitali hata moja inayosimama kwa ajili ya wanajeshi wastaafu, ilhali eneo hili ni miongoni mwa yaliyotoa watu wengi zaidi kwa kila vita ambavyo nchi hii imeingizwa tangu 1914.

Tutenganishe kwanza mambo ambayo watu huyachanganya. Hospitali ya kijeshi ni ya askari aliye kazini. Lengo lake ni kumponya arudi kikosini, na kwetu iliyo kubwa zaidi ni Forces Memorial iliyoko Barabara ya Mbagathi, Nairobi. Hospitali ya wastaafu wa jeshi ni kitu kingine. Inamhudumia mtu aliyevua sare miaka mingi iliyopita lakini bado anaishi na risasi iliyobaki nyongani, sikio lililokufa kwa mlio wa mizinga, au usingizi usiokuja. Kisha kuna hospitali ya kumbukumbu, inayojengwa kuwaenzi waliokufa lakini inatibu walio hai, na walio hai hao si lazima wawe na uhusiano wowote na jeshi. War Memorial ya Nakuru iko katika kundi hili la mwisho. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, miji mingi ya Uingereza iliamua kuwakumbuka wafu wake kwa hospitali ndogo badala ya mnara wa mawe, na walowezi wa Kizungu wa Bonde la Ufa wakaja na desturi hiyohiyo.

Waliokumbukwa walikuwa wafu wao. Waliotibiwa pia walikuwa wao, maana hospitali za koloni zilitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika katika hospitali za "wenyeji" au za misheni. Ukweli huo husemwa kwa haraka ukaachwa, nami nadhani unastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndipo mkanganyiko wote wa leo ulipoanzia.

Mnamo 1914 Kisumu haikuwa pembeni mwa vita. Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka mpaka wakafika Kisii, pakapiganwa. Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilipanda meli Kisumu, kikavuka ziwa na kuishambulia Bukoba. Lakini mzigo mkubwa wa vita vile haukubebwa na wenye bunduki. Katika nchi isiyo na barabara na yenye mbung'o waliowaua farasi na ng'ombe wa kukokota, kila gunia la unga na kila kasha la risasi lilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Hao ndio wapagazi wa Carrier Corps, waliotuachia majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Nyanza, ambayo wakati huo ilijumlisha nchi ya Waluo, Waluhya, Abagusii na Wakipsigis, ilikuwa ghala kuu la watu hao. Msako ulipopamba moto mwaka 1917, aliyepewa kazi ya kuusimamia alikuwa John Ainsworth, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa mkoa akiishi Kisumu. Alizijua lokesheni zote na machifu wote.

Walikufa vipi? Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Kisa cha kuhara kimeandikwa na madaktari wa wakati ule wenyewe: wapagazi walipewa posho ya mahindi yaliyosagwa vibaya, wakaipika kwa haraka kando ya njia kwa kuni mbichi na sufuria zisizotosha. Mtu aliyezoea ugali wa wimbi au mtama uliosongwa hadi ukaiva alimeza chenga zisizoiva, siku baada ya siku, akiwa na mzigo kichwani. Utumbo ukachubuka. Kuhara kukaanza, kisha damu, kisha udhaifu wa kutoweza kuinuka. Watafiti wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, kutoka makoloni yote ya Afrika Mashariki na jirani, wanazidi 90,000. Waliorudi walirudi wamekonda, wengine wakiwa na magonjwa ambayo hayakupona kamwe, na hapakuwa na hospitali iliyowangojea. Kama kwao palikuwa karibu na Maseno, Kaimosi au Mumias, misheni iliweza kumwona. Kama hapakuwa, alikwenda kwa mganga wa kijijini au alijilaza tu. Mishahara ya wapagazi waliokufa bila ndugu zao kupatikana ilibaki mikononi mwa serikali.

Sasa linganisha na walichopata maafisa wa Kizungu. Kuanzia 1919 serikali ya koloni iligawa mashamba kwa askari wa Kizungu waliostaafu, na mengi yake yalikuwa upande huu wa Bonde la Ufa, Trans Nzoia na Nandi. Kericho ilitengewa mradi wa pekee kwa maafisa waliolemaa vitani. Uliitwa BEADOC, ukapewa ekari 25,000 za kulima kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafilisika, na ardhi ile ikaishia kuwa mashamba ya chai. Kwa hiyo mwanajeshi mlemavu alijulikana na serikali, akapangiwa bajeti, akapimiwa ardhi ya watu wengine. Kilichoamua kama utaitwa mwanajeshi mlemavu kilikuwa rangi ya ngozi yako. Mpagazi wa Gem aliyelemaa alirudi Gem kulipa kodi ya kibanda.

Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti Aprili 2021 ikakiri yenyewe kuwa Waafrika na Wahindi wa vita vile hawakukumbukwa sawa na Wazungu: angalau watu 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa popote. Ndiyo maana nasema jina la War Memorial lisitupoteze. Kumbukumbu iliyokuwa Nakuru haikuwa ya wapagazi wa Nyanza.

Hospitali hiyo iliendelea baada ya uhuru, ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote na kuwa hospitali binafsi inayojulikana mjini. Mwishoni mwa 2023 ilirudi vichwani mwa habari kwa sababu nyingine kabisa, pale serikali ya Kaunti ya Nakuru ilipotaka kuichukua kwa hoja kwamba muda wa ukodishaji wa ardhi yake ulikuwa umekwisha. Huduma zilivurugika, wagonjwa wakahangaika, kesi ikaenda mahakamani. Wengi walioifuatilia kesi hiyo kwa redio ndio walioanza kuuliza kama kaunti ikiichukua itakuwa ya wanajeshi. Mgogoro ulihusu ardhi na umiliki. Wastaafu wa jeshi hawakuwa ndani yake.

Vita vya Pili vilichukua Wakenya takriban 98,000. Hawa wakubwa wetu tuliwajua. Ni wale wazee waliosema walikuwa "keya", yaani KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliotaja Abisinia na Burma kama mtu anavyotaja kijiji cha shemeji yake. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa na manowari ya Wajapani, na miongoni mwa karibu watu 1,300 waliokufa walikuwamo askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw huko Burma, bonde lililosifika kwa malaria. Waliorudi walipewa kiinua mgongo kidogo kilichopangwa kwa rangi, na wengi wakaambiwa warudi lokesheni.

Katika kipindi hicho ndipo kilipozaliwa kitu pekee nchini kinachokaribia kuitwa hospitali ya wakongwe wa vita. Mnamo 1944, Nairobi, palianzishwa makao ya kuwahudumia askari walioumia vitani. Makao hayo yalikua hadi yakawa ile tunayoiita leo Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo. Siku hizi anayelazwa pale ni kijana wa boda boda aliyegongwa Kondele au mama aliyeanguka kutoka juu ya mti wa parachichi. Asili yake ya kijeshi imesahaulika. Sisemi ni vibaya. Uti wa mgongo uliovunjika hauna cheo. Lakini vitanda vyake ni vichache mno kwa taifa zima, na kwa familia ya Siaya au Bungoma kupata nafasi pale ni safari, nauli, na miezi ya kusubiri.

Hapa inafaa tutoke Kenya kidogo, kwa sababu ukiuliza kwa nini hatuna hospitali ya wastaafu wa jeshi, jibu liko kwa tuliyemrithi.

Marekani ilichagua njia yake mapema. Machi 1865, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ukingoni, Rais Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha makao ya taifa kwa askari wa kujitolea waliolemaa. Makao yakaota zahanati, zahanati zikawa hospitali, na 1930 shughuli zote zikawekwa chini ya idara moja. Leo idara hiyo ina hospitali zaidi ya 170 katika mikoa yote ya nchi, na waliojiandikisha kutibiwa ni karibu milioni 9. Mkongwe wa vita anatibiwa moyo na kisukari palepale anapotengenezewa mguu bandia. Mfumo huo una malalamiko yake, hasa foleni, ila mtu anajua mlango ni upi.

Uingereza ilikwenda kinyume. Royal Hospital ya Chelsea, iliyoanzishwa 1682, ni makao ya wazee wa jeshi zaidi ya kuwa hospitali. Nchi hiyo ilikuwa na hospitali za wizara ya pensheni zilizowatibu waliolemaa katika vita vikuu viwili, lakini huduma ya afya ya taifa ilipoanza 1948, hospitali hizo zikamezwa polepole. Hospitali ya mwisho ya kijeshi, Haslar, iliacha kuwa ya jeshi mwaka 2007. Tangu hapo askari wa Uingereza anayejeruhiwa hupelekwa Birmingham, katika hospitali ya umma yenye wodi iliyoandaliwa kwa wanajeshi na wauguzi wanaoyajua mambo yao. Falsafa yake ni rahisi: mstaafu wa jeshi ni raia, atibiwe na raia wenzake, mradi hospitali ya raia ni ya bure.

Kenya ilirithi sentensi hiyo bila maneno yake ya mwisho. Tuliambiwa mstaafu ni raia, aende hospitali ya umma. Haikubaki bure. Ukishalielewa hilo, mengine yote yanayomsumbua mwanajeshi wa zamani wa Kakamega au Nyando yanajieleza.

Na wanajeshi wa zamani hawapungui. Wale wa Burma karibu wote wamelala makaburini, lakini Oktoba 2011 Kenya iliingia Somalia, na tangu hapo kizazi kipya kimepitia mashambulizi, mabomu ya kutegwa barabarani na usiku wa kambini. Januari 15, 2016, kambi ya Wakenya ya El Adde, huko Somalia, ilivamiwa. Wengi wa waliouawa walikuwa wa kikosi cha 9 cha Kenya Rifles, chenye makao Moi Barracks, Eldoret. Ibada ya kuwakumbuka ilifanyika kambini humo mwezi huohuo, marais watatu wakihudhuria. Majeruhi walipelekwa Nairobi. Baada ya Nairobi, mtu hurudi nyumbani, na nyumbani kwa wengi wao ni upande huu: Uasin Gishu, Nandi, Bungoma, Vihiga, Homa Bay. Askari aliyekuwa na miaka 24 mwaka 2016 ana miaka zaidi ya 30 sasa. Ataishi na jeraha lake kwa nusu karne nyingine. Hesabu hiyo ndiyo inayonikosesha raha kila nikisikia wastaafu wa jeshi wakizungumziwa kama kwamba ni wazee wa medali peke yao.

Basi, leo hii milango iko wapi?

Mlango wa kwanza ni wa jeshi lenyewe. Kila kambi ina kituo chake cha matibabu, ambacho wanajeshi hukiita MRS, na jeshi lina hospitali za kanda, zikiwemo za Gilgil na Eldoret. Kuna pia mpango wa bima wa jeshi, DEFMIS, unaowahusu wastaafu wanaochangia. Aliyestaafu vizuri, mwenye pensheni na karatasi zake zote, anaweza kuutumia mlango huu. Tatizo ni yule aliyetoka mapema kabla ya kufikisha muda wa pensheni, na yule aliyefukuzwa. Huyu wa mwisho hahurumiwi na mtu, lakini madaktari wa akili watakwambia kuwa ulevi na utoro unaomfukuzisha askari mara nyingine ndiyo dalili ya kwanza ya kiwewe cha vita. Anafukuzwa kwa ugonjwa wake, kisha anakosa tiba kwa sababu alifukuzwa.

Mlango wa pili ni wa kila Mkenya, SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anapimwa uwezo wa kaya yake na kutakiwa kulipa kwa mwaka, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Zahanati na vituo vya afya, yaani Level 2 na 3, ni vya bure kwa aliyejisajili. Mchango ndio unaofungua Level 4 hadi 6, na hapo ndipo zilipo huduma anazohitaji mtu aliyejeruhiwa vitani: mifupa, mishipa ya fahamu, macho, masikio, akili. Kwa ukanda huu maana yake ni hospitali ya rufaa ya Nakuru, ambayo wengi bado tunaiita PGH, ni Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu, "Russia" kwa wenyeji kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969, siku ya umwagaji damu ambayo Kisumu haijaisahau, ni Kakamega, na ni Moi ya Eldoret, iliyoanza 1917 kama hospitali ndogo ya Waafrika na sasa ni ya Level 6. Kujisajili ni kwa simu, *147#, au katika kituo chochote cha afya. Mstaafu asidhani usajili wake wa jeshini umemsajili na huku. Ni vitu viwili.

Kuna mlango ambao wanajeshi wengi huukataa kwa fahari, nami nawaelewa, ila nawasihi waufikirie: Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Aliyepoteza kiungo, macho au kusikia anapimwa na madaktari katika hospitali ya kaunti, anapewa ripoti, kisha kadi. Kadi hiyo inaweza kumpatia msaada wa vifaa kama kiti cha magurudumu, mguu bandia au mashine ya kusikia, pamoja na msamaha wa kodi kwa anayefanya kazi. Askari husema, "Mimi si mlemavu, mimi nilijeruhiwa." Sawa. Lakini mguu bandia hauulizi.

Kwa wale wachache waliobaki wa vita vya 1939 hadi 1945, na wajane wao, kuna msaada wa nje. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 kwa miaka mitano, zipitie umoja wa Jumuiya ya Madola wa wanajeshi wa zamani, ili wazee hao katika nchi mbalimbali wapate angalau milo miwili kwa siku. Hapa Kenya chama cha kuuliziwa ni DEFOCA, chama cha wanajeshi wa zamani. Wapiganaji wa Mau Mau wako nje ya utaratibu huu wote. Wao walipigana na Mwingereza. Fidia ya pauni milioni 19.9 iliyotangazwa Juni 2013 iliwagusa walalamishi 5,228 tu walioteswa vizuizini. Wazee wa Bahati na Subukia ambao hawakuwa katika kesi hiyo hutibiwa kama raia wengine, na wenye miaka 70 na zaidi waliosajiliwa wanategemea shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi.

Kisha kuna Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022. Ni mara ya kwanza Kenya kuwa na sheria inayomtambua mtu huyu kwa jina, kutaka asajiliwe, na kuzungumzia mafao yake. Haikujenga hospitali, na sidhani ilipaswa kujenga. Thamani yake iko katika orodha. Huwezi kupanga kliniki Kisumu kama hujui ni wanajeshi wangapi wa zamani wanaishi Kisumu, na wangapi kati yao wana mguu mmoja.

Nieleze kwa nini orodha hiyo na kliniki iliyo karibu ni muhimu kuliko jengo kubwa Nairobi. Chukua mguu bandia. Watu hudhani unapewa kama kiatu, ukitoshea unaondoka. Kwanza kisiki cha mguu lazima kipone, kifungwe bendeji kwa wiki kadhaa kipate umbo. Kisha fundi anakivingirisha plasta mbichi, akiwa ametia alama kwa kalamu maalumu pale mfupa unapojitokeza, maana sehemu hizo haziwezi kubeba uzito. Plasta ikikauka anaivua, anaimwagia plasta nyingine ndani, anapata nakala ya kisiki, anaichonga: anapunguza pale nyama inapoweza kubanwa na kuongeza pale mfupa unapohitaji nafasi. Juu ya nakala hiyo anavuta plastiki iliyopashwa moto hadi ikalainika, ikipoa inakuwa soketi. Ndipo mgonjwa anasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia na kupiga hatua ya kwanza. Hapo fundi hatazami uso wake. Anatazama nyonga, goti, na jinsi kisigino kinavyogusa sakafu.

Na hapo kazi ndiyo inaanza. Katika miezi ya mwanzo kisiki hupungua. Soketi iliyokaa vizuri mwezi wa kwanza inacheza mwezi wa nne, ngozi inachubuka, kidonda kinatokea. Mgonjwa anaongeza soksi moja, mbili, tatu. Zikimshinda, anatakiwa kurudi kwa fundi, na baadaye kurudi tena, kila baada ya miaka michache, maisha yake yote. Mtu wa Port Victoria ambaye fundi wake yuko Nairobi hatarudi. Atauegemeza mguu ule ukutani na kurudia mkongojo. Nimeuona mguu wa namna hiyo katika nyumba moja Rongai ya Nakuru, umewekwa nyuma ya mlango, soksi zake bado ziko ndani.

Kiwewe nacho ni vilevile. Mtu anashtuka boda boda ikipasua mlio wa moshi, hakai kwenye mkutano akiupa mlango kisogo, halali, na akilala anaamka akipigana na mkewe gizani. Familia inasema amerogwa, au amelewa. Tiba ipo. Ni mazungumzo ya mpango na mshauri aliyefunzwa, wiki baada ya wiki, na pengine dawa. Moi ya Eldoret ina idara ya afya ya akili, na hospitali ya umma ya Gilgil, si ile ya jeshi, ina wodi za akili za miaka mingi. Lakini mstaafu akienda pale anakaa benchi moja na kila mgonjwa mwingine, mbele ya kliniki ambayo hakuna mtu ndani yake aliyewahi kuambiwa chochote kuhusu El Adde. Wanajeshi hawasemi mbele ya watu wasiowaelewa. Ataulizwa "unaumwa nini," atajibu "kichwa," atapewa Panadol.

Ndiyo maana naona njia ya Birmingham inatufaa kuliko ya Marekani. Hospitali mpya ya wastaafu ingemeza mabilioni na ingejengwa Nairobi, sioni vingine. Siku moja ya kliniki kila wiki, katika hospitali za rufaa za Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret, ingehitaji chumba, mshauri wa kiwewe, fundi wa viungo bandia, mpimaji wa masikio, na askari mmoja mstaafu wa kukaa mlangoni kuwapokea wenzake. Jeshi na kaunti zikubaliane nani analipa nini. Wodi na karakana kwa sehemu kubwa tayari zipo.

Wakati hilo likisubiriwa, familia zenye mstaafu ziweke pamoja vitu vifuatavyo, kwa sababu kila mlango utaviuliza: kitambulisho, cheti cha kuachishwa kazi jeshini, namba yake ya jeshi, barua ya pensheni kama anayo, na karatasi zozote za matibabu ya wakati alipojeruhiwa. Hizi za mwisho ndizo hupotea, na ndizo zinazothibitisha kwamba jeraha ni la kazini. Mjane aongeze cheti cha ndoa na cha kifo. Kama ndoa ilikuwa ya kimila bila cheti, chifu aandike barua mapema, mzee akiwa hai na anaweza kuithibitisha mwenyewe.